Madoa ya Mwezi

Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni kwa washirika wa Voi na Taita Taveta

Masomo: Mwanzo 1:14–19, 1 Samweli 16:1–13, Yohana 20:24–29

Twawasalimu nyote mnaotusikiliza asubuhi hii: ninyi wa Voi mjini, wa Mwatate na Bura, wa Wundanyi kule juu, wa Sagalla na Kasigau, hata ninyi wa Taveta mlio karibu na mpaka. Twawasalimu pia madereva walio njiani kati ya Mombasa na Nairobi. Na kwa namna ya pekee twawapa pole wale waliokesha shambani wakilinda mahindi yasiliwe na ndovu, ambao saa hii ndipo wanapoketi kunywa chai.

Hao waliokesha ndio tunaotaka kuanza nao. Mlinzi wa shamba anaujua mwezi kuliko mtu alalaye ndani ya nyumba. Usiku wa giza yeye husikia tu mabua yakivunjika, na akisikia hivyo amekwisha kuchelewa. Lakini usiku wa mbalamwezi aweza kumwona ndovu angali mbali, akapiga debe na kuwaita wenzake. Kwa hiyo mwezi kwake si pambo. Ni taa yake ya kazi. Naye kwa kuutazama muda mrefu ameona jambo ambalo sisi sote tumeliona tangu utoto, ya kwamba mwezi si mweupe wote. Una mahali peupe na mahali peusi. Una madoa.

Asubuhi hii twataka kuzungumza juu ya madoa hayo: ni kitu gani, yalitoka wapi, na yana neno gani kwetu sisi tunaokutana kila Jumapili katika nyumba ya Mungu tukitazamana nyuso.

Watu wa mataifa yote wamejaribu kuyaeleza. Huko China na Japani wazee wamewasimulia watoto kwamba mwezini yuko sungura. Huko Ulaya walisema ni mtu aliyebeba mzigo wa kuni, na wengine wakaongeza kwamba aliwekwa huko kwa kosa la kuokota kuni siku ya Sabato. Na sisi huku kila mmoja amesikia lake kwa nyanya yake. Lakini hebu fikirini kidogo hadithi ile ya Ulaya. Watu waliona doa mbinguni, na mara wakamtafuta mkosaji wa kulibeba! Hawakuridhika kusema, hatujui ni nini. Ilibidi apatikane mtu, na kosa lake, na hukumu yake. Tabia hiyo haikuishia Ulaya, ndugu zangu. Tunayo hata sisi, na tutairudia baadaye.

Tena, hata picha yenyewe yategemea mahali mtu asimamapo. Sisi wa Voi tu karibu na mstari wa Ikweta. Mwezi mpevu ukichomoza jioni, twautazama tukielekea mashariki, na upande wake wa kaskazini huwa mkono wetu wa kushoto. Ukikaribia kutua alfajiri, twautazama tukielekea magharibi, na upande ule ule sasa uko mkono wetu wa kuume. Kwa hiyo picha iliyolalia upande mmoja jioni, alfajiri imelalia upande wa pili. Mwenye kukesha akiangalia vizuri ataliona hilo kwa macho yake, bila chombo chochote. Je, mwezi umegeuka? La. Mwezi ni ule ule na madoa ni yale yale. Aliyegeuka ni mtazamaji.

Nao wataalamu pia walikosea. Mwaka 1609 Galileo wa Italia aliuelekezea mwezi darubini yake, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kueleza aliyoyaona. Aliona vivuli vya milima, akafahamu kwamba mwezi ni nchi yenye mabonde na vilima, wala si mpira laini kama watu wengi walivyofundishwa. Kisha mwaka 1651 padri mmoja wa mji wa Bologna, jina lake Riccioli, akatoa ramani ya mwezi. Mahali peusi, palipoonekana kuwa tambarare, yeye na wenzake wa wakati ule walipaita bahari. Akaziandikia majina mazuri: Bahari ya Utulivu, Bahari ya Mawingu, Bahari ya Mvua. Majina hayo yanatumika hadi leo. Lakini bahari hizo hazina maji hata ya kujaza kibuyu. Bahari ya Mawingu haina wingu, maana mwezi hauna hewa ya kulibeba. Sisi wa Voi, tunaoinua macho kila vuli tukingojea mvua, tungeshangaa kufika katika Bahari ya Mvua na kuambiwa kwamba huko mvua haijapata kunyesha.

Hayo ndiyo matokeo ya kutoa jina kwa kutazama toka mbali. Na katika nchi yetu hii hii tunao mfano mwingine wa jambo hilo. Tarehe 11 Mei mwaka 1848, mmisionari Johann Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai, alikuwa safarini kutoka vilima vya Taita kwenda nchi ya Wachaga. Akiwa katika nyika, aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Alimwuliza kiongozi wake wa safari ni kitu gani, na yule akamjibu tu kwamba ni baridi. Rebmann akaelewa kwamba ni theluji, akaandika habari hiyo na kuipeleka Ulaya. Huko London alikuwako mtaalamu wa jiografia aliyeitwa Cooley, ambaye hakuwahi kuuona mlima ule, naye akasema haiwezekani kabisa kuwa na theluji karibu na Ikweta. Mabishano yakaendelea miaka mingi, hata Baron von der Decken alipokwenda mlimani mwaka 1861 na tena mwaka 1862, ndipo ikathibitishwa kwamba Rebmann alisema kweli. Leo mtoto yeyote wa Taveta asubuhi isiyo na mawingu aweza kuuona weupe ule akiwa njiani kwenda shule. Aliye karibu hahitaji kubishana.

Basi, kwa habari ya mwezi pia ilibidi watu wafike karibu. Tarehe 20 Julai mwaka 1969, yapata saa tano na dakika 17 usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki, chombo cha Wamarekani kilitua mwezini kikiwa na watu wawili, Neil Armstrong na Edwin Aldrin. Alfajiri yake, ilipokaribia saa kumi na mbili, Armstrong akakanyaga mavumbi ya mwezi. Nao walitua wapi? Walitua katika mojawapo ya madoa yale, katika Bahari ya Utulivu. Palichaguliwa kwa sababu ni tambarare, na chombo kikitua katika nchi ya milima na mashimo kingeweza kupinduka. Mahali ambapo macho ya duniani huona doa, ndipo palipofaa kumpokea mgeni wa kwanza.

Kufikia Desemba mwaka 1972 watu 12 walikuwa wamekwisha kutembea mwezini, na mawe na mavumbi waliyorudi nayo yalipata uzito wa kilo 382. Wataalamu waliyapasua, wakayapima, wakayachungulia kwa hadubini. Ndipo habari ya madoa ikajulikana.

Mawe yaliyotoka mahali peusi ni basalti, yaani mawe yaliyokuwa moto wa volkeno yakamwagika kama uji, kisha yakapoa na kuwa magumu. Yana madini ya chuma kwa wingi, ndiyo maana ni meusi. Nayo mawe ya mahali peupe ni ya namna nyingine. Yana chuma kidogo, na yana alumini na kalisi kwa wingi. Ni mepesi zaidi, na rangi yake ni ya kijivu cheupe. Hayo ndiyo ganda la kwanza la mwezi, lililoganda wakati mwezi ulipokuwa bado mchanga. Jiwe moja la namna hiyo liliokotwa mwaka 1971 na David Scott na James Irwin, na watu wakaliita Jiwe la Mwanzo, kwa jina la kitabu cha kwanza cha Biblia. Wataalamu wanahesabu umri wake kuwa zaidi ya miaka milioni 4,000. Irwin mwenyewe, aliporudi duniani, aliacha kazi ya kuruka angani akaenda nchi nyingi akihubiri Injili.

Sasa, ninyi wakaaji wa Taita Taveta hamna haja ya kwenda mwezini ili kuelewa tofauti hiyo. Vilima vyetu vya Dawida, Sagalla na Kasigau ni vya mawe ya kale sana, yaliyokuwako kabla ya moto wa Chyulu kuwaka. Lakini mtu akienda katika Mbuga ya Tsavo Magharibi, upande wa vilima vya Chyulu, atafika mahali ambapo nchi yote ni nyeusi. Ni mawe makavu, yenye ncha kali, yamesambaa kilomita nyingi, na majani ni machache sana. Mahali hapo panaitwa Shetani. Moto ule ulitoka ardhini si zamani sana, yapata karne mbili zilizopita, na watu walioona nchi ikiwaka usiku walidhani Shetani mwenyewe ametoka chini. Jina likabaki.

Mawe ya Shetani ni ndugu wa mawe meusi ya mwezini. Yote ni ya jamii moja ya basalti. Kwa hiyo mtu wa Tsavo akiulizwa, je, madoa ya mwezi ni nini? aweza kujibu bila kusita: ni nchi kama ile ya Shetani, lakini kubwa mno, na ya kale mno, tena imefunikwa na mavumbi.

Lakini swali lingine linabaki. Kwa nini uji ule wa moto ulikusanyika mahali fulani tu, ukafanya madoa, wala haukuenea kote? Jibu lake ndilo kiini cha mazungumzo yetu.

Hapo kale sana mwezi ulipigwa. Vimondo vikubwa mno, mawe ya angani yenye ukubwa wa milima na zaidi, viliuangukia na kuchimba mashimo ambayo akili yetu yashindwa kuyapima. Shimo la Bahari ya Mvua lina upana wa zaidi ya kilomita 1,100. Ni karibu sawa na safari ya barabara kutoka Mombasa hadi Kampala! Pigo lile lilipasua ganda la mwezi kwenda chini sana. Kisha, baada ya muda mrefu, moto uliokuwa ndani ukapanda polepole kupitia nyufa zile, ukamwagika katika shimo, ukalijaza, ukapoa. Haukujaza mara moja, bali mara nyingi, tabaka juu ya tabaka. Shimo lililokuwa la kutisha likawa uwanda. Ninyi wa Taveta mmeona jinsi maji yalivyojaza shimo la Ziwa Chala, ambalo lilifanywa na volkeno. Kule mwezini mashimo yalifanywa na mapigo, na kilichoyajaza hakikuwa maji bali moto.

Basi, wapenzi, doa la mwezi ni jeraha lililojazwa. Mahali peusi ndipo palipopigwa sana, pakapasuka, na kile kilichotoka ndani kikapafanya kuwa tambarare.

Tuongeze neno moja. Mwezi hutuonyesha uso mmoja tu siku zote. Mgongo wake hatuuoni. Oktoba mwaka 1959 chombo cha Warusi kilipita nyuma yake na kupiga picha. Watu walitazamia kuona bahari nyeusi kama za upande huu. Hawakuziona ila chache ndogo. Upande wetu madoa yamefunika karibu theluthi moja ya uso. Upande wa pili ni kama hayapo. Je, upande ule haukupigwa? Ulipigwa sana. Umejaa mashimo juu ya mashimo. Lakini huko ganda ni nene zaidi, na moto haukuweza kupanda na kuyajaza. Kwa hiyo upande usio na madoa si upande usio na majeraha. Ni upande ambao majeraha yake hayakujazwa.

Ndugu wapenzi, hebu sasa tushuke kutoka mwezini, tuingie kanisani.

Liko jambo linalotokea katika sharika zetu, nalo twalifahamu. Mtu amefungwa gerezani Manyani. Amemaliza kifungo, amerudi nyumbani. Jumapili ya kwanza anakuja kanisani, anaketi benchi la mwisho karibu na mlango. Hakuna anayemfukuza, la hasha. Mzee wa kanisa anampa mkono. Lakini baada ya ibada, watu wakisimama nje kuzungumza, yeye husimama peke yake chini ya mti. Akina mama wakipita, wanavuta mikoba yao karibu. Kijana akitaka kumposa binti yake, jamaa humwuliza, umesahau ni binti wa nani? Miaka kumi yapita. Mtu huyo amelima, amesomesha, hajagusa kitu cha mtu. Lakini jina lake kijijini si lile alilobatizwa nalo. Jina lake ni Yule wa Manyani.

Au ni binti aliyeimba kwaya, sauti yake ikapendwa na wote. Akapata mimba nyumbani kwa baba yake. Akatengwa, akatubu, akarudishwa kwenye Meza ya Bwana kwa utaratibu wa kanisa. Lakini kwenye kwaya hakurudi, maana wenzake walinong'ona. Na yule kijana aliyempa mimba yumo bado, anaimba besi, amesimama mstari wa mbele. Madoa yake yako upande ambao watu hawauoni.

Mambo haya si madogo. Watu wameacha imani kwa ajili yake. Wengine wamehamia Mombasa wasirudi, wakipendelea kukaa mahali ambapo hawajulikani kuliko kukaa miongoni mwa Wakristo wanaowajua mno. Tukiulizwa siku ile, yuko wapi ndugu yako? hatutaweza kujibu kwamba hatukumfukuza. Ni kweli hatukumfukuza. Tulimpa jina tu, kwa kumtazama toka mbali, kama wale walioita bahari mahali pasipo na maji.

Lakini pengine mtu atauliza, je, mwataka kusema dhambi si dhambi? La, hatusemi hivyo. Mwezi ni jiwe, na mtu si jiwe. Mfano huu una mwisho wake. Mwezi haukuchagua kupigwa. Katika sisi, wako waliopigwa bila kosa lao, na wako waliojipiga wenyewe, na wengi wetu ni yote mawili. Dhambi ni dhambi, na aliyeiba arudishe, na aliyekosa atubu. Hata Bahari ya Mvua, ingawa imejazwa, milima iliyoinuliwa na pigo lile ingali imeizunguka hadi leo. Kujazwa si kufutwa. Tunachosema ni hiki: mtu aliyetubu, ambaye neema ya Mungu imepanda ndani yake tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, msimwite shimo. Nendeni karibu mkaone. Labda mtakuta pale ndipo mahali tambarare kuliko pote, ambapo mtu mwingine aliyeumia aweza kutua bila kupinduka. Nani atakayezungumza na kijana aanzaye kuiba kuliko yule aliyetoka Manyani? Nani atakayemshika mkono binti aliyeanguka kuliko mama aliyeinuliwa?

Na wale mawe meupe, je? Hapa wataalamu wana neno la kutunyenyekeza. Wamepima nuru ambayo mwezi hutupa, wakaona kwamba katika kila sehemu 100 za nuru ya jua zinazouangukia, mwezi hurudisha kama 12 tu. Hiyo ni sawa na lami iliyochakaa. Barabara ile kuu ipitayo hapa Voi, lami yake iliyopigwa jua miaka mingi, ndiyo rangi ya mwezi wetu! Unang'aa kwa sababu jua linaupiga nao umezungukwa na giza tupu. Mahali peusi ni lami nyeusi zaidi, na mahali peupe ni lami iliyofifia kidogo. Tukiona tofauti kubwa kati yao, ni kwa sababu twavilinganisha vyenyewe kwa vyenyewe.

Mwaona, ndugu? Katika sharika zetu twajipanga, hawa weupe na wale weusi. Yule mzee wa kanisa asiye na lawama na yule wa benchi la mwisho. Lakini wote wawili ni mavumbi, na nuru si ya yeyote kati yao. Jua likiondolewa, hakuna atakayejua lipi lilikuwa doa na ipi ilikuwa nchi nyeupe. Kitabu cha Mwanzo chatuambia kwamba Mungu aliuweka mwezi utawale usiku. Aliuweka ukiwa hivyo ulivyo, pamoja na madoa yake. Na mlinzi wa shamba la mahindi hajalalamika hata siku moja kwamba taa yake ina madoa. Yeye amwona ndovu, basi.

Samweli alipokwenda Bethlehemu kumtafuta mfalme, alimwona Eliabu, kijana mrefu wa umbo, akadhani ndiye. Mungu akamfundisha kwamba macho ya mwanadamu huishia nje, bali Yeye huangalia moyo. Ikabidi aitwe yule aliyekuwa kondeni na kondoo, ambaye hata baba yake hakumhesabu. Na Daudi huyo, tuseme kweli, baadaye alipata doa kubwa kuliko la Eliabu. Akavunjika mbele za Mungu, na toba yake imewafaa watu wa vizazi vyote.

Tena iko habari iliyo kuu kuliko hiyo. Bwana wetu alipofufuka, aliweza kufufuka na mwili usio na alama. Lakini alipomjia Tomaso alimwonyesha mikono yake na ubavu wake, na makovu yalikuwapo. Hakuyaficha. Kwa makovu hayo Tomaso akamtambua na kumkiri. Ikiwa Mwana wa Mungu katika utukufu wake hakuona haya kuonyesha mahali alipopigwa, sisi ni nani hata tumwonee haya mtu mwenye alama?

Kabla hatujamaliza, turudi kidogo kwenye vilima vya Chyulu, maana hatujaeleza habari yake yote. Mvua inyeshapo juu ya vilima vile haifanyi mito. Mawe yale meusi ya volkeno yana vinyweleo na nyufa nyingi, nayo huyanywa maji yote. Maji yakashuka ndani, yakapita gizani chini ya ardhi, yakachujwa, kisha yakatokea mbali na hapo katika chemchemi za Mzima, yakiwa safi hata waweza kuona samaki na viboko wakitembea chini. Zaidi ya lita milioni 200 hububujika huko kila siku. Katika miaka ya 1950 lilijengwa bomba la kuchukua sehemu ya maji hayo, likapita huku kwetu hadi Mombasa. Watu wengi wa pwani wamekunywa maji hayo bila kujua yalikotoka.

Basi moto wa jamii ile ile ambao wazee walidhani ni Shetani, ndio uliofanya mawe yanayotuhifadhia maji. Walioutazama toka mbali, usiku, kwa hofu, waliupa jina hilo. Hatuwalaumu, nchi ilikuwa ikiwaka. Lakini sisi tulioishi kunywa maji ya Mzima tuna haki ya kusema neno jingine. Jihadhari, ndugu, na jihadhari, dada, usimwite mtu jina la Shetani kabla hujaona ni maji gani Mungu atayatoa kwake.

Jumapili ijayo, ibada ikiisha, tazama chini ya mti. Ikiwa yuko mtu amesimama peke yake, usimwangalie toka mlangoni. Nenda karibu. Mwulize habari za nyumbani, za mvua na za mifugo. Na ikiwa wewe ndiwe usimamaye chini ya mti ule, na leo unatusikiliza ukiwa peke yako, twakuambia, Mungu anajua mahali ulipopigwa, naye hajamaliza kujaza. Usiondoke.

Tuombe.

Ee Mungu uliyeumba jua na mwezi, twakushukuru kwa nuru isiyo yetu. Utusamehe kwa majina tuliyowapa wenzetu. Wakumbuke waliorudi kutoka kifungoni, na akina mama wanaolea peke yao, na wote waketio benchi la mwisho. Uwalinde wakeshao mashambani, mazao yao yasiharibiwe. Utupe mvua kwa wakati wake. Yajaze yaliyopasuka ndani yetu, hata tuwe mahali ambapo mwingine aweza kutua salama. Twaomba katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.